Kumpaka Rangi Mnyama Asiyekuwapo

Msomaji, huenda hujapata kuona sanamu ya askari au ya joka iliyo ndogo kiasi cha kufichika ndani ya ngumi ya mtoto, nayo ina kucha, magamba, meno na mkunjo wa nguo, kila kitu mahali pake. Mimi ninazo nyingi katika kabati langu, na kwa ajili yake nimeitwa mtu mzima anayecheza na watoto wa bandia. Sina ugomvi na wasemao hivyo. Lakini nataka kukueleza kazi ya kuzipaka rangi, kwa maana ndani ya kazi hiyo mna swali ambalo sikulitazamia nilipoianza: mnyama ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona ana rangi gani, na ni nani wa kuamua?

Kwanza yakupasa ujue sanamu hizi ni za nini. Ni za michezo ya vita ichezwayo juu ya meza, na michezo hiyo si jambo la jana. Katika mwaka wa 1824 afisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kuchezwa juu ya ramani, kwa vipande vidogo na dadu, na jeshi la nchi yake likautumia kuwafundishia maafisa. Mwaka wa 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wadogo wa madini sakafuni mwa nyumba, kwa mizinga ya springi iliyorusha vijiti. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na sakafu ya nyumba haikutosha tena. Baadaye wachezaji walichoka na historia wakaanza kubuni. Mwaka wa 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na mwaka wa 1983 Warhammer ikatoka Uingereza. Tangu hapo mji wa Nottingham umekuwa kwa sanamu hizi kama Lamu ilivyo kwa milango ya kuchonga. Hutengenezwa humo majitu, majoka, mizimu, na watu wenye vichwa vya mijusi, na wote hutoka kiwandani bila rangi, kijivu kama jivu la jikoni. Mnunuzi ndiye ampakaye kila mmoja kwa mkono wake.

Mimi nilifundishwa kazi hii chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu. Mkufunzi wetu wa sanaa alikuwa amekaa Nottingham miaka kadhaa, akarudi na sanduku la viatu lililojaa watu-mijusi, kila mmoja na urefu wa milimita 28 au kupita kidogo. Alipostaafu alinipa sanduku lile. Walikuwa wa madini ya zamani yenye risasi ndani yake, na risasi ni sumu. Hivyo sharti lake la kwanza halikuwa la sanaa hata kidogo, bali kunawa mikono kabla ya kugusa chakula, na kutotia brashi mdomoni kamwe. Nakupa nawe sharti hilohilo.

Sasa rudi kwenye swali. Mkononi una mtu-mjusi wa kijivu. Utampa rangi gani? Wanaoanza hujibu kwa kutaja rangi waipendayo, na matokeo yake ni kama dirisha la duka la peremende. Mkufunzi wangu alitukataza kuuliza "rangi gani?" Alitutaka tuulize "kitu gani?" Nami nadhani lugha yetu ilimtangulia kulijua jambo hilo. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ndizo rangi tulizo nazo kama sifa hasa, zinazobadilika pamoja na jina: kitabu cheusi, nyumba nyeusi, watu weusi. Zilizosalia karibu zote tulizikopa kwa vitu. Kijani ni majani, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, na samawati ni mbingu iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Mswahili akitaja rangi, aghalabu ametaja kitu alichokiona.

Basi mtafute mjusi aliyekwisha kuwapo. Katika miamba ya sehemu nyingi za Kenya yuko mjusi ambaye dume lake lina kichwa cha rangi ya chungwa iliyoiva na mwili wa buluu, naye hupanda juu ya jiwe lililo wazi, akainua na kushusha kifua kama mtu anayefanya mazoezi. Majike na wadogo ni wa kahawia, wanafanana na jiwe lenyewe. Mtazame vizuri, utaona kwamba hakupakwa ovyo. Rangi kali iko kichwani, mahali ambapo wenzake wanatakiwa kutazama. Nayo buluu iliyo karibu nayo ndiyo inayoifanya chungwa iwake. Ukizipanga rangi katika duara, kama Isaac Newton alivyofanya katika kitabu chake cha mwaka wa 1704, buluu na rangi ya chungwa hukabiliana, kama nyekundu na kijani zinavyokabiliana. Rangi zinazokabiliana zikikaa bega kwa bega, kila moja huipigia mwenzake vigelegele.

Mfaransa mmoja mwanakemia, Michel Eugène Chevreul, alilipa jambo hili maelezo yake. Alisimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris, na alipata malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda haikukolea. Alipochunguza aliona kuwa dawa ya rangi haikuwa na kasoro. Weusi ulidhoofishwa na rangi zilizofumwa kandokando yake. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1839, na wachoraji wakakisoma kuliko hata watia rangi. Lakini mama zetu wa pwani hawakumngoja Chevreul. Tazama leso ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Waitambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba sanamu ndogo yahitaji ukali huohuo: rangi moja itawale, ya pili isaidie, na ya tatu ionekane mahali padogo tu, jichoni au ncha ya mkuki. Anayetumia rangi tisa amepaka madoadoa.

Hapa nafika mahali ninapopapenda kuliko pengine pote katika kazi hii, nami naomba uvumilivu wako.

Katika mwaka wa 1896 mchoraji wa Kimarekani, Abbott Thayer, alitoa makala juu ya rangi za wanyama. Alikuwa ameona jambo ambalo kila mchungaji amelitazama pasipo kuliona. Mfikirie swala pala. Mgongo wake ni wa kahawia iliyokolea, ubavu umepauka, na tumbo ni jeupe. Kwa nini? Jua hutoka juu; hung'arisha mgongo na kulitia tumbo kivuli. Kama swala angekuwa na rangi moja mwili mzima, mgongo ungewaka na tumbo lingekuwa jeusi, na kwa tofauti hiyo jicho la chui lingetambua mara moja: kitu cha mviringo, chenye nyama. Rangi ya swala hulipinga jua. Palipo na nuru nyingi ametiwa giza, palipo na kivuli ametiwa weupe. Mambo mawili yakafutana, na swala akaonekana bapa, kama kipande cha nyasi kavu. Samaki wengi wamepakwa vivyo hivyo. Thayer baadaye alizidisha, akataka kila rangi ya kila mnyama iwe ya kujificha, hata wekundu wa heroe, na watu wakamcheka kwa haki. Lakini katika jambo la swala alisema kweli.

Sasa mpaka sanamu hufanya kinyume chake kabisa. Sanamu yetu haitaki kujificha. Inataka kutambuliwa na mchezaji aliyesimama umbali wa hatua moja, chini ya taa ya chumbani. Nayo inashindwa, kwa sababu ni ndogo mno. Mkunjo wa nguo yako una kina cha kidole na hushika kivuli cheusi. Mkunjo wa nguo ya sanamu una kina cha unene wa ukucha, na nuru ya chumba, inayotoka kila upande, huingia ndani yake na kukifuta kivuli. Tukiipaka rangi moja tu, hata ikiwa rangi ya haki, huonekana bonge. Hivyo twapaka vile jua lingalifanya: juu tunang'arisha, chini tunatia giza. Wengi huanza kwa kuipulizia sanamu nzima rangi nyeusi, kisha nyeupe kidogo kutoka juu tu, kama mvua inayonyesha wima. Rangi zote zitakazofuata zikiwa nyembamba, zitapokea mwanga na giza vilivyokwisha pangwa.

Lakini mjusi wa kweli ana tumbo jeupe! Hapa ndipo maumbile na meza vinapogombana, na kila mpaka rangi hukata shauri lake. Mimi humpa mjusi tumbo la rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano kidogo, ili ajulikane kuwa ni mjusi. Halafu nalitia tumbo hilohilo kivuli cha kahawia kuelekea chini, ili ajulikane kuwa ana mwili. Wako wanaosema huo ni udanganyifu. Nakubali, lakini pasipo huo hakuna atakayemwona.

Kuhusu mkono na brashi nitasema machache, kwa kuwa mambo haya hufundishwa na vidole. Osha sanamu kwa maji na sabuni, kwa maana mafuta ya kiwandani hukataa rangi. Tumia rangi za akriliki, zinazochanganyika na maji, nawe uziyeyushe mpaka ziwe kama maziwa. Matabaka mawili membamba hushinda moja zito, kwa kuwa zito huyafukia magamba kama tope lifukiavyo mawe ya mtoni. Brashi nzuri sana hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa mnyama wa Siberia aliye wa jamii ya kicheche, na bei yake itakushtua. Brashi ya kawaida yenye ncha isiyotawanyika yatosha.

Mbinu mbili tu hufanya nusu ya kazi ya viumbe wenye magamba. Ya kwanza ni rangi ya majimaji: rangi iliyokolea, mathalani kahawia nyeusi, hupunguzwa kwa maji mengi na kumwagwa juu ya ngozi yote. Yenyewe huyakimbia magamba na kutuama mifereji iliyo katikati yake, kama maji ya mvua barabarani. Ikikauka, kila gamba limezungushiwa mstari usioweza kuchorwa na mkono wa mwanadamu mwenye haraka. Ya pili ni brashi kavu, nayo ni kinyume chake. Chovya brashi kuukuu katika rangi iliyo nyepesi kuliko ngozi, kisha uifute kitambaani mpaka udhani hakuna kilichobaki. Halafu ipitishe upesi juu ya magamba. Rangi itashika vilele tu. Usizitumie mbinu hizi juu ya nguo laini au uso wa mtu. Brashi kavu huacha vumbi kama la chaki. Kwa uso kuna njia nyingine, ndefu, na ndiyo iliyotuletea maneno darasani.

Ninaendesha chama cha kupaka rangi siku za Jumamosi katika shule ninayofundisha. Katika sanduku la mkufunzi wangu mlikuwa na watu-mijusi ishirini na wawili, na mtu mmoja tu wa kawaida, nahodha mwenye upanga na kofia. Miaka michache iliyopita msichana wa kidato cha pili alipewa kumpaka huyo. Alifungua kikopo cha rangi kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba ni rangi ya ngozi, akakitazama, akaweka mgongo wa mkono wake kando ya kifuniko. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ngozi ya nani?"

Ilikuwa rangi ya waridi iliyopauka. Msomaji, jina hilo lina historia. Kampuni ya Crayola ya Marekani nayo iliuza kwa miaka mingi kalamu ya nta iliyoitwa rangi ya nyama ya mwili, nayo ilikuwa ya waridi. Katika mwaka wa 1962 ikaibadili jina ikaiita rangi ya pichi, ambalo ni tunda. Tazama jinsi Waamerika walivyolazimika kufanya kama Waswahili: kuipa rangi jina la kitu. Kikopo chetu kilikuwa bado hakijapata habari hiyo.

Kabla sijamjibu, mvulana aliyeketi mbele yake alifanya jambo kuwa kubwa zaidi. Alikuwa amekwisha wapaka mijusi sita weusi tititi, kwa kuwa, alisema, hao ndio kundi la wabaya. Hakuna kanuni ya mchezo inayosema hivyo. Hakuna aliyemwambia. Alilijua tu, kama ajuavyo jina lake. Msichana akamgeukia akamwuliza kama na nahodha ampake ngozi ya kikopo kwa kuwa ndiye mwema. Darasa likanyamaza, nami nikaona kwamba siku ile hatungepaka kitu.

Tulizungumza mpaka kengele ya chakula. Wazo lililotuvusha lilitoka kwa mwanafunzi wa nyuma, aliyetoka sehemu kavu za mashariki ya nchi. Alisema kwao kuna fuko asiye na manyoya, aishiye chini ya ardhi maisha yake yote, mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana, karibu haoni. Kiumbe asiyefikiwa na jua, alisema, rangi yampa faida gani? Basi kundi la pili la mijusi na liwe la pangoni, liwe na rangi kama ya fuko yule. Wote wakapenda. Lakini yule mvulana, naye hakuwa mjinga, akauliza kama sasa weupe ndio wamekuwa wabaya. Nilicheka, ila swali lake lilikuwa la haki, na wenzake walijua. Wakaondoa habari ya wema na ubaya kabisa. Kundi moja likawa la mwambani, vichwa vya chungwa na miili ya buluu. Jingine likawa la pangoni. Na sababu ya vita, wakasema, ni kisima.

Akabaki nahodha. Msichana alitaka awe wa rangi ya mkono wake, na kazi hiyo ilichukua Jumamosi tatu, kwa maana vitabu vichache nilivyokuwa navyo vilifundisha ngozi ya kikopo tu: anza na waridi, ongeza nyeupe, maliza. Ukifanya hivyo kwa ngozi nyeusi, ukaongeza nyeupe kila unapotaka nuru, ngozi hupauka kama miguu isiyopakwa mafuta asubuhi ya Julai. Wanafunzi wenyewe ndio waliolitambua hilo, wakacheka. Ikatulazimu kutazama. Tulimweka mwanafunzi mmoja dirishani tukauliza si rangi gani, bali kitu gani. Katika vivuli, chini ya kidevu na kando ya pua, mlikuwa na zambarau. Shavuni mlikuwa na wekundu wa udongo wa matofali. Palipopigwa na nuru zaidi hapakuwa na weupe, palikuwa na rangi ya asali. Na juu kabisa, katika paji la uso na ncha ya pua, palikuwa na alama ndogo yenye ubuluu, nayo haikuwa ngozi: ilikuwa mbingu ya dirishani iking'aa juu ya ngozi.

Basi ndivyo nahodha alivyopakwa. Kahawia nzito iliyotiwa tone la zambarau kwa msingi. Kahawia nyekundu juu yake, ikiacha mashimo. Kisha kahawia iliyochanganywa na chungwa na manjano ya udongo, katika mashavu, pua na vifundo vya vidole. Mwisho nukta tatu za samawati iliyopauka, ndogo kama mbegu ya mchicha, kwa brashi ambayo ncha yake ilikuwa nywele chache tu. Uso mzima ulikuwa mdogo kuliko punje ya hindi. Alipozitia nukta zile, uso uliokuwa bapa uliinuka, na wanafunzi walioinama juu ya meza wakarudi nyuma pamoja.

Mama yake alipokuja siku ya wazazi aliitazama sanamu ile kwa muda, akauliza kama ni mjomba wake. Hakuwa yeyote. Msichana akasema ndiyo.

Limesalia jambo la vanishi, nalo usilidharau, kwa kuwa sanamu hizi zimetengenezwa ili zishikwe, na jasho la vidole hula rangi. Chagua isiyong'aa, maana ing'aayo huleta nuru ya taa mahali ulipoweka kivuli kwa taabu. Usipulize vanishi siku za mvua. Unyevu wa hewa huifanya iwe na ukungu mweupe, na kazi ya wiki tatu hutoweka nyuma yake. Tandaza mchanga kidogo kwa gundi chini ya miguu yake, mchanga wa mahali unapokaa, na uupake nao, kwa kuwa mchanga halisi ukitazamwa kando ya sanamu huonekana mawe. Kisha ifunike kwa kikombe kilichoinuliwa kidogo ukingoni ili hewa ipite na vumbi lisiingie, na uiache mpaka asubuhi.